Dalali na Mchongaji: Mnada wa Mkusanyo wa Vérité



Neno mnada lina asili moja na kitenzi kunadi, yaani kutangaza kwa sauti ili watu wasikie. Jioni hii nataka tujiulize ni nini hasa kinachotangazwa dalali anaponadi mali ya mtaalamu mkongwe wa vitu vya kale, na ni nini kinachonyamaziwa.

Mfano wangu ni wa Paris. Pierre Vérité alianza biashara ya sanaa za Afrika na Oceania kabla ya Vita Kuu ya Pili, na mwanawe Claude akamfuata katika kazi hiyo. Dukani waliuza, nyumbani waliweka vile walivyovipenda mno. (Tusiwacheke. Nani kati yetu hana kitabu asichokubali kukiazimisha?) Tarehe 17 na 18 Juni 2006 mkusanyo huo wa faragha ulipigwa mnada katika jumba la Drouot. Vitu zaidi ya 500 viliuzwa kwa siku mbili, na mauzo yakafikia takriban yuro milioni 44. Kinyago kimoja cha Wafang wa Gaboni, cha chama kilichoitwa ngil, kilinunuliwa kwa yuro milioni 5.9 pamoja na ada.

Bei hiyo haikutokana na uzuri wa kinyago peke yake. Katika biashara hii vitu vya kughushi ni vingi, kwa hiyo mnunuzi hutaka kujua kitu kimepitia mikononi mwa nani, na jina la mtaalamu aliyekaa nacho miaka mingi huwa dhamana. Sioni hila katika jambo hilo. Ila mtazame mnyororo huo wa majina unakoanzia: kwa kawaida huanza na Mzungu wa kwanza aliyekipata kitu. Aliyekichonga hatajwi. Mahali pake limewekwa neno moja, “Fang”, na taifa zima limesimamishwa badala ya mtu mmoja aliyeshika tezo, aliyekuwa na mwalimu wake, na huenda alikuwa na mshindani kijiji cha pili.

Machi 2022, kinyago kingine cha ngil kiliponadiwa Montpellier, baadhi ya Wagaboni waishio Ufaransa walisimama ukumbini wakidai kirudishwe kwao. Mnada uliendelea, nacho kikauzwa kwa yuro milioni 4.2. Kwa muda mfupi ilisikika ukumbini humo sauti isiyotaja bei.

Sisi wa Kiswahili tunahusikaje? Mkumbukeni Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945. Alikuwa mtunzi, mnakili wa miswada na fundi wa kuchonga milango. Tenzi alizowanakilia Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann zimehifadhiwa katika maktaba za Uingereza na Ujerumani, pamoja na barua zake. Zimekaa na maandishi yanayozieleza, ndiyo maana mwanafunzi wa leo anaweza kuulinganisha mwandiko wake katika mswada huu na ule, akajua lini Kijuma ananakili na lini anatunga. Lau kurasa hizo zingeuzwa moja moja kwa uzuri wa khati yake, tungebaki na picha za kutundika ukutani, na historia ya fasihi yetu ingepungukiwa na mtu mzima.

Hata uchongaji wake tunaujua zaidi kwa sababu alikuwa mtu wa kalamu. Wenzake walioshika patasi bila kushika kalamu wametuachia milango mizuri isiyo na majina. Mlango wa namna hiyo ukifika kwa dalali leo, vipimo vyake vitaandikwa kwa sentimita, mti utatajwa, na penye nafasi ya fundi pataandikwa “Lamu”.