Mchanga Chini ya Mashine: Namna ya Kusafisha Sakafu ya Vigae bila Kuikwaruza

Katika nyumba nyingi za Maskati, Dubai, Doha na Kuwait, sakafu ni ya vigae au ya marumaru kuanzia ukumbini hadi jikoni. Zulia hutandikwa majilisi, lakini sehemu kubwa ya nyumba hubaki wazi, kwani katika nchi ya joto kali jiwe tupu huupoza mguu. Tatizo ni kwamba jangwa haliko mbali. Upepo uvumapo, mchanga mwembamba hupenya pembezoni mwa madirisha na chini ya milango, na mwingine huingia na viatu. Basi kila siku mashine ya kufyonza vumbi hupitishwa sakafuni. Baada ya muda mng'aro hufifia, na jua la asubuhi linapoipiga sakafu kwa ubavu, mikwaruzo myembamba huonekana kama nyuzi.

Hapo ndipo lawama huanza. Mwenye nyumba humlaumu mfanyakazi, na mfanyakazi huilaumu mashine. Miongoni mwa wafanyakazi hao wamo wanawake wengi waliotoka Kenya, Uganda na Tanzania. Marumaru iliyokwaruzwa huhitaji fundi wa kuisugua na kuing'arisha upya, na kigae kilichokwaruzwa aghalabu hung'olewa na kuwekwa kingine. Gharama hiyo si ndogo, na kwa mtu anayetuma fedha nyumbani kila mwezi, kuambiwa kwamba ailipe ni jambo zito. Kwa hiyo inafaa kujua ni kitu gani hasa kinachoikwaruza sakafu.

Jibu lenyewe limo katika elimu ya madini. Mwaka 1812 mtaalamu wa madini wa Ujerumani, Friedrich Mohs, alipanga madini katika ngazi kumi za ugumu. Kanuni yake ni nyepesi: kigumu hukikwaruza kilicho laini kuliko chenyewe. Ulanga umo katika ngazi ya 1 na almasi katika ngazi ya 10. Ukucha wa binadamu hufikia 2 na nusu, na kisu cha chuma hukaribia 5 na nusu. Kwatzi, ambayo ndiyo madini ya punje nyingi za mchanga wa bara na wa jangwani, imo katika ngazi ya 7. Maana yake ni kwamba punje ya mchanga ni ngumu kuliko kisu. Plastiki ya mashine haiwezi kuikwaruza sakafu ya jiwe, lakini punje moja iliyonaswa chini ya plastiki hiyo, ikaburutwa kutoka ukuta huu hadi ule, inaweza kuandika mstari usiofutika.

Hapa lugha ya Kiswahili yenyewe yaweza kumpotosha mtu. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki, neno marumaru hutumika kwa jiwe halisi na kwa vigae vya kiwandani pia, ilhali vitu hivyo havifanani kwa ugumu. Marumaru halisi ni jiwe la chokaa lililogeuzwa na joto na mgandamizo ardhini, na ugumu wake ni takriban 3 tu. Kigae cha udongo kina ngozi ya kioo juu yake, na ngozi hiyo aghalabu hufikia 5 au 6. Kigae cha kauri, kilichochomwa kwa joto la nyuzi zipatazo 1,200 za Selsiasi, huukaribia ugumu wa mchanga wenyewe, ingawa kikisha kung'arishwa huonyesha haraka hata alama ndogo. Njia moja ya kutambua ni kutazama michirizi. Katika jiwe halisi michirizi haijirudii, lakini katika vigae vilivyochapwa kiwandani mchoro ule ule huonekana tena vigae vichache mbele.

Mchanga nao hutofautiana. Mchanga mweupe wa pwani za Unguja na Pemba umetokana zaidi na matumbawe na makombe ya baharini, yaani chokaa, na ugumu wake uko karibu na wa marumaru. Mchanga huo haukidhuru sana kigae kizuri. Aliyezoea kufagia mchanga wa aina hiyo akahamia penye mchanga wa kwatzi, hukutana na adui mwingine mwenye sura ile ile.

Sasa ni mashine. Mwaka 1901 mhandisi Mwingereza Hubert Cecil Booth alipata hati ya uvumbuzi wa mashine ya kufyonza vumbi mjini London. Ilikuwa kubwa kiasi cha kukokotwa na farasi na kusimama nje ya nyumba, huku mipira mirefu ikipitishwa madirishani. Mwaka 1908 James Murray Spangler wa Ohio, Marekani, alipata hati ya mashine ndogo yenye brashi inayozunguka. Brashi hiyo ilikusudiwa zulia: huyapigapiga manyoya yake ili vumbi lililojificha litoke. Juu ya kigae hakuna manyoya ya kupigwa. Brashi ngumu izungukapo juu ya sakafu tupu huzirusha punje pembeni kabla hazijafyonzwa, na nyingine huzisaga palepale. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kuizima brashi inayozunguka, au kukitoa kichwa cha zulia na kuweka kichwa cha sakafu tupu chenye nywele laini. Mashine ambayo brashi yake ngumu haizimiki, na kichwa chake hakibadiliki, ibaki kwenye zulia.

Kanuni ya pili ni kuipindua mashine kabla ya kuiwasha, na kabla ya kuipindua ichomolewe umeme. Magurudumu yatazamwe moja moja. Gurudumu la mpira laini hushika punje na kuzibeba chumba hadi chumba, na gurudumu lililosokotwa na nywele ekselini halizunguki bali huburuta. Pembe za bamba la chini zipapaswe kwa kidole, kwani plastiki iliyopasuka au skrubu iliyochomoza hunasa mchanga. Kitambaa chenye unyevu kidogo chatosha kuyafuta yote hayo, na mashine ikaushwe kabla ya kutumiwa. Kazi hiyo huchukua dakika mbili.

Kanuni ya tatu ni mwendo. Mashine isigandamizwe, kwani uzito wa mkono hauongezi mvuto wa hewa. Huongeza tu nguvu ya punje kuchimba. Kichwa kivutwe polepole, ili hewa ipate nafasi ya kuinyanyua punje kabla kichwa hakijaipanda. Penye changarawe au mchanga mwingi, kama mlangoni baada ya tufani, ufagio laini utangulie. Mfuko wa vumbi usiachwe ujae hadi juu, na chujio lisafishwe, kwa sababu mashine iliyokosa pumzi haifyonzi bali inausukuma mchanga mbele yake. Penye kizingiti, mashine ibebwe mkononi, isivutwe kwa mpira wake. Viungo baina ya vigae viko chini kidogo, na mchanga hupenda kulala humo. Dawa yake ni kupita kwa kufuata mstari wa viungo kwa kichwa chembamba chenye nywele, si kwa bomba la chuma lililo wazi.

Mpangilio wa kazi nao una maana. Mashine hutangulia na kudeki hufuata. Anayeanza kudeki huugeuza mchanga kuwa matope membamba, na kitambaa chake huwa msasa.

Ipo alama moja inayostahili kuchunguzwa kabla ya mtu yeyote kulaumiwa. Bomba la chuma au mguu wa kiti ukigusa kigae cha kauri, mara nyingi kigae ndicho kinachokwangua chuma, na chuma huacha mstari wa kijivu juu yake. Mstari huo hufanana na mkwaruzo, lakini si mkwaruzo. Ukucha upitishwe juu yake kwa upole. Ukikwama, hapo pana mfereji na kigae kimeumia. Ukipita bila kuhisi kitu, yamkini ni chuma kilichobaki juu, nacho huweza kuondolewa kwa dawa ya kusafishia vigae iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, baada ya kujaribiwa pembeni. Dawa yenye asidi, pamoja na siki na ndimu, isiguse marumaru halisi, kwani huila chokaa yake na kuacha doa lisilo na mng'aro ambalo nalo hudhaniwa kuwa kazi ya mashine.

Usalama wa mtu hutangulia usalama wa kigae. Mashine ya kawaida ya nyumbani haikutengenezwa kufyonza maji, na kuipitisha kwenye sakafu yenye maji ni kumwalika umeme mwilini. Katika nyumba za Waomani na za Waswahili panapofukizwa udi na ubani, ipo hatari nyingine. Jivu la chetezo lililomwagika laweza kuficha kaa la moto. Likifyonzwa, hewa hulipuliza ndani ya mfuko uliojaa vumbi, na mfuko huweza kushika moto. Jivu lisubiriwe lipoe kabisa, kisha lizolewe kwa mkono.

Kuhusu gharama ya sakafu iliyoharibika, sheria hutofautiana baina ya nchi na nchi. Kuwait ilitunga sheria ya wafanyakazi wa nyumbani mwaka 2015 na Qatar mwaka 2017. Mkataba nambari 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema makato ya mshahara yafanywe tu kwa masharti na kwa kiasi kilichowekwa na sheria za nchi au makubaliano ya pamoja ya kazi. Nchi zilizouridhia ndizo zinazofungwa nao. Hata hivyo njia nyepesi kwa pande zote mbili ni kuikagua sakafu pamoja siku ya kwanza ya kazi, mchana, mwanga ukiwa wa pembeni, na kupiga picha za alama zilizokuwapo tayari.

Nyumba yenye zulia dogo la kufutia miguu mlangoni, na yenye desturi ya kuvua viatu kizingitini, imekwisha kujipunguzia nusu ya kazi. Mchanga usioingia haufyonzwi, wala hauna kitu cha kukwaruza. Uliokwisha kuingia uondolewe mkavu, kwa mkono mwepesi, na kwa mashine iliyotazamwa chini kabla ya kuwashwa.