Mkono Uliotulia: Upigaji Picha za Nyufa kwa Kamera ya Filamu katika Mji Mkongwe



Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio hapa mjini, na baadaye mwanawe, Rohit, akaiendeleza kazi hiyo. Aingiaye katika studio hiyo, Barabara ya Kenyatta, hulakiwa na kuta zilizojaa picha za rangi nyeusi na nyeupe za Unguja ya zamani. Mtu aweza kusimama mbele ya picha moja akatazama nakshi za mlango mmoja mmoja, kwa sababu aliyeipiga hakutikisika.

Jambo hilo linawagusa wakaazi wa leo kuliko linavyodhaniwa. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020, na watu wawili wakapoteza maisha. Nyumba nyingi za mji huu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zake hubebwa na boriti za mikoko. Maji ya mvua yakipenya, boriti huoza ndani ya ukuta, na mara nyingi dalili ya kwanza kwa nje ni ufa mwembamba. Ufa huo ukipigwa picha kabla ya masika na ukapigwa tena baada yake, mhandisi hupata cha kulinganisha. Picha ikitikisika, ufa wa milimita moja hupotea katika ukungu, au huonekana mpana kuliko ulivyo.

Kwa mwenye kamera ya filamu hatari ni kubwa zaidi, kwani haoni kosa lake hadi mkanda usafishwe. Huenda wakati huo ukuta umeshapigwa lipu.

Mafundi wa picha wana kanuni ya miaka mingi: kwa kamera ya filamu ya milimita 35 inayoshikwa mkononi, kasi ya kifyatulio isipungue urefu wa lenzi. Lenzi ya milimita 50 yataka 1/60 ya sekunde au zaidi. Ya milimita 135 yataka karibu 1/250. Kanuni hii ni rahisi uwanjani Forodhani saa sita mchana. Ndani ya vichochoro mambo hubadilika. Penye kivuli kizito, filamu ya 100 na tundu la lenzi la f/5.6 huenda vikamlazimisha mpigaji kushuka hadi 1/30, na hapo mkono wa watu wengi hushindwa. Akitia filamu ya 400, kwa tundu lile lile atapiga kwa 1/125. Chembechembe zitaongezeka kidogo pichani, lakini chembechembe hazifichi ufa kama mtikisiko unavyouficha.

Kwa hiyo mwenye fedha kidogo afikirie filamu kabla ya kununua lenzi ndefu. Lenzi ndefu hukuza kila mtetemo wa mkono, na kichochoro chenyewe hakimpi mtu nafasi ya kurudi nyuma. Ya milimita 35 au 50 yatosha. Kwa ufa ulio chini, mpigaji asogee karibu kadiri lenzi yake inavyoruhusu. Kamera yenye kioo cha ndani hushtuka kidogo kioo kinapopanda, na mshtuko huo hudhuru zaidi katika kasi ndogo. Kamera isiyo na kioo hicho hutulia zaidi. Ile kongwe ya lenzi mbili, ininginiayo shingoni na kutazamwa kwa juu, hutulia pia ukanda wake ukikazwa. Wako wanaoamini kuwa kamera nyepesi ndiyo salama. Kwa kweli uzito wa kiasi humsaidia aliyebana viwiko mbavuni.

Mji wenyewe una msaada wake. Mabaraza ya mawe yaliyopo mbele ya nyumba ni stendi isiyonunuliwa: kamera huwekwa juu ya kitambaa kilichokunjwa, kisha hufyatuliwa kwa waya au kwa saa ya kuchelewesha. Pasipo baraza, mpigaji aegemee ukuta wa pili, atoe pumzi taratibu, na kidole kibonyeze bila kudonoa. Lenzi nayo isifungiwe kabatini miezi mingi, kwani unyevu wa pwani huotesha ukungu kwenye vioo, na hapo hata mkono uliotulia hautoi picha safi.

Kando ya ufa ibandikwe rula, picha ya pili ipigwe kutoka mahali pale pale, na juu ya bahasha ya negativu iandikwe tarehe, jina la mtaa na upande wa ukuta.