MKULIMA KUJIFUNZA KUCHOMELEA CHUMA NYUMBANI

Leo tutatoka kidogo shambani tuingie uani, tuzungumze juu ya jembe lililovunjika, toroli lililokatika mguu, na bawaba iliyong'oka kwenye banda la mbuzi. Yaani, tutazungumza juu ya mkulima kujifunza mwenyewe kazi ya kuchomelea chuma.

Pengine mwenzetu mmoja atauliza: "Je, hayo nayo ni mambo ya ukulima?" Naam, ni ya ukulima hasa. Chukueni milima yetu ya Uluguru. Huko Kinole, Matombo, Mgeta na Nyandira mashamba yameegemea mlima. Trekta haifiki, na plau ya ng'ombe haiwezi kusimama. Kazi yote ni ya jembe la mkono. Sasa msuka wa jembe ukikatika wiki ile ya kwanza ya mvua, mwenye jembe afanye nini? Ateremke mpaka Morogoro mjini, alipe nauli, angoje zamu kwa fundi, kisha apande tena mlima. Siku mbili zimekwenda, na wenzake wameshapanda mahindi. Jembe halimtupi mkulima, lakini na mkulima naye asilitupe jembe.

Zamani kazi hii ilikuwa ya mhunzi. Alivuta mivukuto, akachoma vyuma viwili katika makaa mpaka vikawa vyeupe kwa moto, kisha akavigonga juu ya fuawe mpaka vikashikana. Kuchomelea kwa umeme kulianza Ulaya: mnamo mwaka 1881 Nikolai Benardos, mtu wa Urusi, alitumia cheche ya umeme kuunganisha vyuma. Kwetu vijijini kazi hiyo ilikuwa ngumu kwa kukosa umeme. Lakini tangu Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, uanze kazi mwaka 2007, nyaya zimefika vijiji vingi, na vijana wengi wamenunua mashine ndogo za kuchomelea. Wengine hawakupita chuo chochote. Wamejifunza kwa kutazama na kujaribu. Hao ndio tunaowasemea leo.

Kwanza kabisa, ndugu zangu, tuanze na macho. Mwali wa kuchomelea una joto linalozidi nyuzi 3,000 za Sentigredi, na una mionzi kali inayounguza jicho kama jua linavyounguza ngozi. Ubaya wake ni kwamba huumwi pale pale. Mtu hufanya kazi mchana, akala chakula chake cha jioni vizuri, halafu usiku wa manane macho yanawasha kana kwamba yametiwa mchanga. Miwani ya jua haifai kabisa kwa kazi hii, ingawa tunaona mafundi wengi wakiivaa. Tumia ngao ya uso yenye kioo cheusi cha namba 10 au 11. Na watoto wakija kutazama, waondoe, maana mwali huo hauchagui fundi wala mtazamaji. Aliyekwisha kuumia asitiwe maziwa wala viazi machoni. Afunikwe kitambaa safi chenye maji ya baridi, apelekwe kwa mganga wa hospitali.

Pili, umeme wenyewe. Waya wa mashine usiunganishwe kienyeji kwenye taa ya nyumbani. Mwite fundi umeme mwenye leseni akuwekee njia yake yenye waya mnene. Upande wa mashariki wa Uluguru, unaotazama Bahari ya Hindi, mvua ni nyingi na ardhi hukaa na unyevu. Kwa hiyo usichomelee ukiwa umelowa, wala usisimame peku juu ya udongo mbichi. Simama juu ya ubao mkavu, vaa viatu vizima na glavu za ngozi zilizo kavu. Mvua ikianza, zima mashine. Jembe litangoja kesho.

Tatu, moto. Cheche huruka mbali na kujificha. Ondoa majani makavu, magunia na mafuta. Weka karibu ndoo ya maji na ndoo ya mchanga. Ukimaliza, usiondoke mara moja; kaa nusu saa utazame. Wakati wa kiangazi cheche moja yaweza kuteketeza banda, ikapanda hata mlimani, kwenye msitu unaotunza maji ya mto Ruvu.

Sasa tuje kwenye kujifunza kwenyewe. Usianze na jembe la jirani. Tafuta vipande vya chuma laini chakavu, vyenye unene wa milimita 5 au 6. Visugue kwa brashi ya waya mpaka ving'ae, maana kutu na rangi huharibu mshono. Chukua vijiti vya kuchomelea vya milimita 2.5, na mashine uiweke kati ya ampea 60 na 90. Vile vinene vya milimita 3.2 hutaka ampea 90 mpaka 130. Soma pakiti, imeandikwa.

Kijiti hukwaruzwa kama kiberiti. Mwali ukiwaka, kiinue kidogo tu, nafasi isizidi unene wa kijiti chenyewe. Kikigandia, usipaparike; kikunje upande kwa upande kiachie, na kisipoachia, zima mashine. Halafu sikiliza. Mwali ulio sawa hulia kama sambusa katika mafuta ya moto, sauti moja isiyokatika. Ukipasukapasuka na kurusha cheche nyingi, basi mara nyingi umeinua mkono mno. Chora mistari, hata 50, hata 100, kabla hujaunganisha vipande viwili.

Ule unga ulioganda juu ya kijiti una kazi yake. Ukiungua hutoa moshi unaozuia hewa isiharibu chuma kilichoyeyuka, kisha huganda juu ya mshono kama gamba. Mafundi huliita gamba hilo mavi ya chuma. Ligonge litoke kabla ya kupitisha mshono wa pili, na macho yawe yamekingwa, kwani hurukia usoni likiwa la moto.

Utajuaje kuwa umefuzu? Usitazame uzuri wa mshono kwa juu. Unganisha vipande viwili, vibane barabara, kisha vipige nyundo mpaka vivunjike. Tazama ndani. Ukiona matundu, gamba lililonaswa, au kingo ambazo hazikuyeyuka, bado hujafika. Fundi aliyejifunza peke yake hana mwalimu wa kumsahihisha, kwa hiyo nyundo ndiyo imsahihishe.

Na jembe je? Chuma cha jembe ni kigumu kuliko cha dirisha. Ukichomelea msuka kikiwa baridi, kisha ukautumbukiza majini upoe upesi, utapata ufa pembeni mwa mshono, na jembe litakatika siku ya pili. Fanya hivi: chonga kingo zote mbili kwa tupa zifanye umbo la V. Pasha moto sehemu hiyo katika makaa mpaka tone la maji likidondoshwa juu yake lirukeruke. Tumia vijiti vya namba 7018 vilivyo vikavu kabisa. Chomelea kidogo kidogo pande zote. Halafu fukia jembe katika majivu makavu mpaka asubuhi, lipoe polepole.

Ndugu wakulima, yapo na mambo ambayo anayejifunza nyumbani hana ruhusa kuyagusa. Pipa lililokuwa na petroli, hata kama limekauka miaka, hulipuka kama bomu. Pipa la dawa ya mimea hutoa sumu. Mabomba na mabati yenye zinki yakiungua hutoa moshi mweupe, na fundi hushikwa na homa na baridi usiku huo. Na pikipiki: usiguse uma wa mbele, usukani wala breki. Pikipiki inayoteremka kutoka Kinole imebeba mtu na mzigo wa ndizi kwenye kona za mlima. Mshono ukiachia pale, hakuna wa kuomba radhi. Kazi hiyo mpelekee fundi aliyehitimu.

Kazi za kuanzia zipo tele. Kule Mgeta wenzetu wanafuga mbuzi wa maziwa tangu miaka ya 1980. Mabanda yao yanataka bawaba, komeo na vihori. Yapo matoroli, yapo majiko, zipo stendi za ndoo za maji. Fanya hizo kwanza.

Tena, aliyejifunza mwenyewe asijione yatima. SIDO, shirika letu la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi Morogoro, nenda ukaulize. VETA wana chuo pale Kihonda. Na VETA wana utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunza nje ya chuo, na akifaulu humpa cheti. Kwa hiyo ile miezi uliyokaa uani ukivunja na kuunganisha haipotei bure.

Basi, kabla mvua hazijaanza, toeni majembe yenu yote nje. Yakagueni misuka moja moja. Yenye ufa yatengenezwe sasa, wakati ardhi ni kavu na kazi ya shamba haijapamba moto.