Kumpima Winga Chipukizi: Pointi Anazofunga Leo Si Hoja Kuu

Mada iliyotolewa kwa wazazi, walimu wa michezo na wachezaji chipukizi wa mpira wa kikapu. Inachapishwa hapa kwa manufaa ya wakazi wote wa kaunti.



Mashindano ya shule za sekondari yakianza muhula wa kwanza, hakosekani kijana mmoja ambaye jina lake hufika sokoni kabla yake. Ni mrefu, anaruka, na amefunga pointi 30 dhidi ya shule jirani. Wiki haijaisha, mtu amebisha hodi kwao akisema ana rafiki Marekani anayetafuta wachezaji. Baba anaanza kuhesabu ng'ombe wa kuuza. Mama anauliza kuhusu masomo, wala hapati jibu la kueleweka. Hapo ndipo familia inapohitaji kujua namna winga hupimwa na watu ambao kazi yao ni kupima.

Winga ni mchezaji wa pembeni. Hana kazi ya kuongoza mchezo kama mgawaji mpira, wala hakai chini ya kikapu kama wale majitu. Anatakiwa afunge kutoka mbali, akimbie mpira ukinyakuliwa, na zaidi ya yote aweze kumlinda mtu mfupi mwenye kasi dakika hii na mtu mnene mwenye nguvu dakika inayofuata. Ndiyo maana timu za kulipwa humtafuta sana. Ndiyo maana pia ni rahisi kukosea juu yake: shuleni, kijana mwenye kimo cha winga huchezeshwa chini ya kikapu kwa sababu ndiye mrefu kuliko wote, na kazi atakayolipwa kuifanya hajawahi kuifanya.

Kisa cha Kawhi Leonard kinafundisha mengi hapa. Alizaliwa mwaka wa 1991 na kukulia kusini mwa California. Mwaka wa 2009 alitajwa mchezaji bora wa shule za upili katika jimbo hilo, kisha akacheza miaka miwili katika Chuo Kikuu cha San Diego State. Msimu wake wa pili timu hiyo ilishinda mechi 34 na kupoteza 3 tu. Hata hivyo, ligi ya NBA ilipochagua wachezaji wapya Juni 2011, majina 14 yalisomwa kabla ya lake.

Sababu ilikuwa mtupo wake. Katika miaka hiyo miwili chuoni, kati ya kila mitupo minne ya pointi tatu alikuwa akiingiza mmoja hivi. Winga asiyefunga kutoka mbali humpa mlinzi wake ruhusa ya kumwacha na kwenda kuwasaidia wenzake, na timu nzima hubanwa. Skauti waliosema hivyo hawakuwa wajinga. Mchezo ndivyo ulivyo.

Lakini kulikuwa na mambo mengine ya kuangaliwa. Kimo chake bila viatu kilikuwa karibu mita mbili, ilhali mikono yake ikinyooshwa ilifika takriban mita 2.21. Viganja vyake vilikuwa na upana wa zaidi ya sentimita 28. Mikono ya namna hiyo hufika kwenye pasi ambayo mlinzi mwingine huishia kuitazama. Alikuwa akinyaka mipira inayodunda kutoka kwenye ubao kama mtu wa chini ya kikapu. Na kulikuwa na ishara moja ndogo ambayo wengi huipita: kwenye mtupo huru, pale mchezaji anaposimama peke yake bila kubughudhiwa, aliingiza karibu mitatu katika kila minne. Mtu ambaye mkono wake umeharibika kabisa hafanyi hivyo. Mtupo wa karibu ulikuwa mzuri kiasi. Wa mbali ndio uliokuwa na kasoro.

Indiana walimchagua, kisha usiku uleule wakampeleka San Antonio ili wampate George Hill, mchezaji aliyekuwa tayari amekomaa. San Antonio walikuwa na kocha wa mitupo, Chip Engelland, aliyerekebisha mahali Leonard alipokuwa akiuachilia mpira. Katika msimu wake wa kwanza aliingiza zaidi ya mtupo mmoja katika kila mitatu ya pointi tatu. Mwaka wa 2014 alitajwa mchezaji bora wa fainali za NBA, na akatajwa tena mwaka wa 2019 akiwa na Toronto. Katikati ya miaka hiyo alichaguliwa mlinzi bora wa ligi mara mbili.

Kisa hiki husimuliwa vibaya mara nyingi. Husemwa kwamba skauti walikosea, kwa hiyo kila kijana asiyejua kutupa apewe nafasi. La. Wengi wasiojua kutupa hubaki hivyo hivyo. Kilichomtofautisha Leonard ni kwamba kasoro yake ilikuwa ya kufundishika, na alivyokuwa navyo havifundishiki. Hakuna kocha anayerefusha mikono ya mtu. Tena aliangukia mahali penye fundi wa kasoro ile ile. Haijulikani angekuwa nani leo kama angeangukia kwingine, na anayedai kujua anabahatisha.

Giannis Antetokounmpo naye alichaguliwa wa 15, miaka miwili baadaye. Alikuwa na umri wa miaka 18, akicheza ligi ya daraja la pili nchini Ugiriki, na wastani wake haukufika pointi 10 kwa mechi. Ukisoma karatasi ya matokeo tu, huoni kitu. Waliosafiri hadi Athens kumtazama walimwona mvulana mrefu anayeudunda mpira na kutoa pasi kama mgawaji, na ambaye mwili wake haujamaliza kukua. Kweli aliendelea kurefuka hata baada ya kufika Milwaukee.

Kwa sababu hiyo umri ni jambo zito. Pointi 30 za kijana wa miaka 16 na pointi 30 za kijana wa miaka 20 aliyevaa sare ya kidato cha tatu si kitu kimoja. Skauti huanza kwa kuuliza tarehe ya kuzaliwa, na wakigundua imechezewa hufunga daftari. Anayemshauri mzazi apunguze miaka ya mtoto anamwibia mtoto huyo.

Kenya ina mfano wake. Tarehe 20 Februari 2021, mjini Yaoundé, winga Tylor Ongwae aliutupa mpira sekunde za mwisho na Kenya ikaishinda Angola 74 kwa 73. Angola walikuwa mabingwa wa Afrika mara 11. Morans wakaenda AfroBasket mjini Kigali, mara ya kwanza tangu 1993. Ongwae alikuwa akicheza mpira wa kulipwa Denmark, katika klabu ya Bakken Bears. Denmark haitajwi sana vijana wakipiga gumzo uwanjani, lakini kazi ni kazi, na mawinga wengi wanaolipwa duniani hawako NBA.

Sasa, mwalimu asiye na kamera wala kompyuta afanye nini? Achukue daftari na futi ya fundi cherehani. Ampime kijana ukutani bila viatu, kisha apime mikono ikiwa imenyooshwa. NBA yenyewe ilibidi mwaka wa 2019 ilazimishe timu kupima vimo bila viatu, maana hata huko watu walikuwa wakijiongezea. Ahesabu mitupo huru 100 kila wiki na kuandika iliyoingia. Kwenye mechi, asihesabu pointi pekee: aandike ni mara ngapi kijana amepitwa na mtu anayemlinda, na amefanya nini baada ya kupoteza mpira. Anayerudi mbio kulinda na anayesimama kumlaumu refa hawaendi mahali pamoja. Daftari la miezi sita lina uzito kuliko video ya dakika mbili yenye vikapu vizuri tu.

Mzazi naye amuulize mgeni maswali machache. Je, ana leseni ya uwakala ya FIBA? Anajua kwamba FIBA hairuhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishiwa nchi nyingine kucheza, ila kwa hali maalumu? Kama anazungumzia chuo cha Marekani, ameuliza matokeo ya darasani? Vyuo vya daraja la juu huko hudai masomo 16 ya msingi ya sekondari yaliyopitwa kwa alama zinazokubalika, na kijana aliyeacha shule ili afanye mazoezi amejifungia mlango huo. Akianza kwa kuomba ada ya usajili kabla ya kuuliza lolote kati ya hayo, mzazi amsindikize hadi langoni, na ng'ombe wabaki zizini.