Maji, Papasi na Upepo: Kupiga Kambi Salama Katika Ardhi ya Singida

Mada kwa walimu walezi wa skauti na viongozi wa vijana, Kata ya Unyambwa, Manispaa ya Singida



Kila kikosi kinapoomba ruhusa ya kwenda kambini, wazazi huuliza kwanza habari za wanyama. Fisi je? Simba je? Ni haki yao kuuliza. Lakini hapa kwetu, ambako mashamba ya alizeti na uwele yamesogea hadi chini ya majabali, mtoto yuko mbali sana na simba na yuko karibu sana na mambo mengine matatu: kuishiwa maji saa nane mchana, kulala kwenye tembe bovu lenye papasi, na jiko la mkaa lililoingizwa ndani ya hema usiku wa baridi. Haya hayaogopwi kwa sababu tumeyazoea. Muda uliogawiwa kwa mada hii nitautumia zaidi hapo.

Nianze na maji. Vitabu vingi vya kambi tunavyopokezana viliandikwa na watu wa nchi zenye vijito kila kilomita chache, na ndiyo maana vinasema: tafuta mto, piga hema, teka maji. Singida tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na mvua yenyewe kwa mwaka ni kama milimita 600 hadi 700. Miezi iliyobaki mto wetu ni korongo la mchanga. Singidani na Kindai ni maziwa ya kupendeza kwa macho, yana ndege wengi, lakini maji yake ni ya chumvi na magadi. Hayanyweki, na kuyachemsha hakuyabadilishi.

Kwa hiyo kambi ya Singida huanza na hesabu ya madumu. Mtu mmoja anahitaji lita 4 hivi kwa siku za kunywa na kupikia, na zaidi akitembea juani. Vijana 20 kwa siku mbili ni lita 160, yaani madumu 8 ya lita 20, uzito wa kilo 160 kabla hujaweka unga wala sufuria. Hapo hujanawa mikono wala kuosha sahani. Mlezi ambaye hajapata mkokoteni wa punda, au bomba la kijiji analoweza kulifikia bila kutembea nusu siku, aahirishe safari. Nalisema hili kwa ukali kidogo kwa sababu nimeona kambi nyingi zikipangwa kwa kuanzia bendera na nyimbo, maji yakaachiwa Mungu.

Yakipungua mkiwa huko, wachungaji wetu wana elimu ambayo si ya kudharauliwa. Mtazame mchungaji kijana akifika korongoni kiangazi. Hachimbi pale ng'ombe wanaponywea. Anapanda juu kidogo, anatafuta upande wa nje wa kona ambako mkondo huchimba zaidi, au pale mwamba unapokata korongo na kuzuia maji yasishuke, kisha anachimba kwa mikono na kipande cha kibuyu hadi mchanga ubadilike rangi. Maji ya kwanza yakija ni ya tope. Anayachota yote na kuyamwaga. Anasubiri. Ya pili yanakuja meupe, na hayo ndiyo anayoyateka, polepole, bila kugusa kingo zisije zikaporomoka. Kisha anazungushia miiba ili punda wasije wakaharibu.

Ninachokiongeza mimi kwenye elimu hiyo ni moto. Mchanga huchuja tope, hauchuji vijidudu vyote, hasa palipo na mifugo. Yachujeni maji kwa kitambaa safi, yachemsheni hadi yatokote sawasawa kwa dakika moja au mbili, yafunikeni yapoe humo humo. Kuni zikiwa haba, tumieni vidonge vya klorini kufuatana na maelezo ya pakiti, na msinywe kabla ya nusu saa. Hata jua letu linafaa: chupa angavu za plastiki zilizojaa maji yasiyo na tope, zikilazwa juani saa sita za jua kali, huua sehemu kubwa ya vijidudu.

Najua kuna atakayeuliza kuhusu floraidi, maana meno ya kahawia tunayaona kwa watoto wetu. Ni kweli baadhi ya visima vya mkoa huu vina floraidi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita, na kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua kwa mvuke yenyewe inabaki na kuzidi. Lakini floraidi huharibu kwa miaka ya kunywa. Kuhara huangusha mtoto kwa siku moja. Kambini, pambaneni na kuhara.

Na kuhara kukija, msisubiri. Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vipimwe bila kujaza kilima. Mgonjwa anywe kidogo kidogo kila mara. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, mwili unadai maji. Lakini kijana aliyekuwa akitembea juani akaanza kuweweseka au kupepesuka, na ngozi inaunguza, huyo amefika kwingine kabisa: kivulini, vueni nguo, mwageni maji mwilini, mpepeeni, na safari ya hospitali ianze wakati huo huo. Asiyejitambua asinyweshwe kitu.

Choo kichimbwe siku ya kwanza kabla ya hema la mlezi kusimama, hatua mia moja hivi kutoka kwenye maji, na kibuyu chirizi kitundikwe hapo hapo chenye sabuni. Sina la kuongeza hapo. Walimu wa shule za msingi mnalijua kuliko mimi.

Sasa mahali pa kulala. Korongoni ni pazuri: mchanga laini, kivuli, hakuna upepo. Msilale korongoni. Mvua ikinyesha mbali, ambako hamwioni wala hamsikii ngurumo, maji hushuka usiku kwa ghafla. Juu ya jabali nako si pa kukaa wakati wa radi, wala chini ya mti uliosimama peke yake. Angalieni pia juu ya vichwa vyenu. Singida ni mkoa wa asali, na mzinga ukitundikwa mtini hauna kibao cha onyo. Moshi, makelele na marashi makali huwachokoza nyuki. Wakiwavamia, kimbieni kwa mstari mmoja, mmefunika uso, hadi ndani ya nyumba au gari. Kuwapungia mikono huwazidishia hasira. Miiba yao ikwanguliwe haraka kwa ukucha. Aliyevimba midomo au kupumua kwa shida apelekwe hospitali mara moja.

Nimefika kwa papasi, na hapa naomba subira yenu. Vijana wakichoka kusimamisha mahema, jicho huenda kwenye tembe la zamani lililohamwa, au kibanda cha walinzi wa mashamba. Kina ukuta, kina paa, kwa nini tusilale humo? Kwa sababu papasi hajahama. Anakaa kwenye nyufa za sakafu ya udongo na za ukuta, anaweza kuishi miaka bila kula, hutoka usiku, hunyonya kwa muda mfupi bila kuuma kwa maumivu, kisha hurudi ufani. Asubuhi humkuti. Ndani yake kunaweza kuwa na bakteria wa homa ya papasi, homa inayopanda kwa siku chache, ikashuka mgonjwa akadhani amepona, kisha ikarudi. Joseph Everett Dutton, daktari Mwingereza aliyekuwa akiichunguza mashariki mwa Kongo, alikufa kwa homa hiyo mwaka 1905, mwaka uleule ambao Mjerumani Robert Koch alikuwa akiifuatilia katika ardhi hii yetu. Jirani zetu wa Dodoma nao wanaijua vizuri. Hospitali ya Mvumi imeandikwa sana katika utafiti wake. Mabati na sakafu za saruji zimeipunguza, lakini vibanda vya zamani bado vipo. Laleni kwenye hema lenye sakafu, lililosimamishwa mbali na vibanda hivyo. Mkilazimika kulala ndani, tafuteni kitanda kilichotengwa na ukuta, na chandarua kichopekwe vizuri chini ya godoro.

Kuhusu nyoka, kifutu ndiye wa kuangaliwa zaidi, kwa sababu hakimbii; hulala njiani akingoja, na mguu wa ndala humfikia gizani. Tochi na viatu vya kufunika mguu ni kinga kubwa, na viatu vikung'utwe kila asubuhi kwa ajili ya nge. Aliyeumwa alazwe, atulizwe, avuliwe pete na bangili, na kiungo kifungwe kwa vijiti kama cha aliyevunjika mfupa ili kisicheze. Kisha hospitali, kwa bodaboda akiwa ameshikwa katikati ikiwa hakuna gari. Kamba ya kubana damu, wembe, kunyonya kwa mdomo na lile jiwe jeusi linalouzwa minadani, vyote hivyo viacheni. Najua jiwe lina watetezi wake humu ukumbini. Nyoka wengi wanaouma hawana sumu ya kuua, na wenye sumu nao mara nyingine huuma bila kuitia. Jiwe limejijengea sifa kwa wagonjwa hao. Swila akitema machoni, osheni kwa maji mengi kwa robo saa. Kabla ya kambi, mlezi aulize kituo kipi cha karibu kina dawa ya sumu ya nyoka, asije akaulizia mgonjwa akiwa mgongoni.

Juni hadi Agosti, upepo wa Singida usiku hupenya blanketi. Hapo ndipo jiko la mkaa huingizwa hemani. Mkaa unaowaka hutoa hewa isiyo na harufu wala moshi, na waliolala hawaamki. Hata jiko linaloonekana limefifia. Jiko libaki nje, pasipo mjadala, na moto wa kuni uwe ndani ya shimo, nyasi zimefyekwa pande zote, uzimwe kwa maji na udongo kabla ya kulala. Joto litafuteni chini ya mwili: majani makavu au magunia chini ya mkeka hufaa kuliko blanketi la pili juu.

Mnaotamani kuwapandisha vijana wakubwa Mlima Hanang kupitia Katesh, zingatieni kwamba kilele kiko kama mita 3,420, hapa kwetu ni kama 1,500. Kileleni ni baridi kupita hapa kwa nyuzi kumi na zaidi, na njiani hakuna maji ya kutegemea; kila mtu abebe yake. Maumivu ya kichwa na kutapika juu kule ni ishara ya kushuka, siyo ya kumeza dawa na kuendelea. Wakati wa mvua msiende. Desemba 2023 maporomoko ya tope kutoka mlimani hapo yaliua zaidi ya watu 80.

Jambo la mwisho ni barua kwa wazazi, itolewe siku ya kurudi. Malaria haijitokezi kabla ya wiki moja tangu mbu aume, na homa ya papasi nayo mara nyingi huchukua siku kadhaa hadi wiki mbili hivi. Mtoto atakuwa yuko nyumbani, kambi imesahaulika. Kipimo cha haraka cha malaria hakionyeshi homa ya papasi; kitasoma hapana, naye atarudishwa na vidonge vya kutuliza maumivu. Barua iseme: homa ikitokea ndani ya mwezi mmoja, mweleze mganga mtoto alilala wapi, na umwombe damu itazamwe kwa darubini, hasa homa ikishuka na kurudi.