Bima ya Afya ya Mwanachama: Hotuba ya Katibu katika Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Kumi



Halmashauri imetuagiza sisi wa ofisi tusiseme leo habari za lita wala za bei. Hizo mtazisoma katika taarifa ya mhasibu, nasi twajua kwamba mtazisoma kwa makini kuliko hotuba hii. Tumeagizwa tuseme habari za bima ya afya, kwa kuwa mchana wa leo wajumbe watapigia kura hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba Chama Kikuu kimlipie kila mwanachama mchango wake wa mwaka katika bima ya serikali, kisha kikate fedha hizo kidogo kidogo katika malipo ya maziwa. Ya pili ni kwamba tununue, juu ya hiyo, bima ya pamoja kutoka kwa kampuni ya watu binafsi.

Huenda mtu akauliza, chama cha maziwa kina shughuli gani na hospitali? Jibu limo katika vitabu vya vituo vyetu. Mzazi akilazwa, jamaa huitisha harambee. Harambee isipotosha, huuzwa mtamba. Mtamba asipotosha, huuzwa mama yake. Ng'ombe akiuzwa Jumamosi, Jumatatu debe la mwanachama huyo halionekani kituoni. Hapo hasara si yake peke yake, bali ni ya kituo, ya gari lililofuata njia ile kwa debe pungufu, na ya chama kizima.

Yafaa kwanza tukumbuke tulikotoka. Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali, NHIF, iliundwa mwaka 1966 kwa ajili ya watu wa mshahara. Mkulima alifunguliwa mlango mwaka 1972, aingie kwa hiari yake, na tangu 2015 mtu asiye na mshahara alilipa shilingi 500 kila mwezi, awe tajiri au maskini. Hazina hiyo haipo tena. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilipitishwa mwaka 2023, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kazi imo mikononi mwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo sote twaiita SHA. Kadi ya zamani basi ni karatasi tu, hata ikiwa imetunzwa vizuri katika sanduku la nguo. Aliyekuwa mwanachama wa NHIF ilimpasa ajiandikishe upya, yeye na mkewe au mumewe na watoto wake, kila mmoja kwa jina lake.

Sasa twaomba mtusikilize sana, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wengi wanapoumia. Kujiandikisha si kulipa. Tumewasikia wanachama wakisema, "Mimi nimo katika SHA, nilibonyeza simu nikaandikwa." Ni kweli wameandikwa. Lakini kuandikwa huko kunawafungulia mlango mmoja tu, yaani mlango wa Mfuko wa Afya ya Msingi, unaotoka katika kodi za serikali, na unaolipia matibabu ya mtu anayetibiwa na kurudi nyumbani katika zahanati na vituo vya afya, ambavyo serikali huviita daraja la 2 na la 3. Huo ni msaada mkubwa, nasi hatuudharau. Homa ya mtoto, kidonda, kikohozi, hayo yote yana mahali pake. Bali siku daktari wa kituo akiandika barua ya kumpeleka mgonjwa mbele, kwenye hospitali ya daraja la 4, la 5 au la 6, pale hutakiwa Mfuko wa pili, ambao ni wa bima yenyewe, na huo haumjui mtu asiyelipa mchango. Juu yake kuna Mfuko wa tatu, wa dharura na wa magonjwa mazito na ya kudumu, ambao huchukua mzigo pale kiasi cha bima kinapokwisha. Nao kwa magonjwa hayo humfuata yule aliyelipa.

Mchango wenyewe ni kiasi gani? Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote, kila mwezi. Mkulima huulizwa maswali juu ya nyumba yake na hali ya maisha yake, ili mapato yake yakadiriwe, kisha hutozwa kwa kadiri hiyo. Lakini hakuna atozwaye chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Bei ya maziwa ikiwa shilingi 50, hizo 300 ni lita 6. Ugumu hauko katika lita 6. Ugumu ni kwamba mkulima hutakiwa alipe mwaka mzima kwa mara moja, shilingi 3,600 kwa uchache, na wengine wamekadiriwa zaidi sana ya hapo. Mwenye mshahara hulipa polepole bila kuhisi; mkulima, ambaye fedha zake huja kwa matone, ndiye anayeambiwa alete debe zima! Serikali yenyewe iliona jambo hili, na katika 2025 ikaanzisha mpango wa mkopo wa Lipa SHA Pole Pole. Lakini mwenye maziwa ana kitabu chake cha malipo tayari katika chama chake, na hatuoni kwa nini aende kukopa mahali pengine.

Tugeuke upande wa hospitali. Mtu akilinganisha bima kwa kutazama ada peke yake, ni sawa na kununua ng'ombe kwa kutazama pembe. Katika bei zilizotangazwa na serikali mwaka 2024, Mfuko humlipia mgonjwa aliyelazwa shilingi 3,360 kwa siku katika hospitali ya daraja la 4, shilingi 3,920 katika daraja la 5, na shilingi 4,480 katika daraja la 6. Kuzaa kwa kawaida hulipiwa shilingi 10,000, na kwa kupasuliwa shilingi 30,000. Kila safari ya kusafishwa damu, kwa mwenye maradhi ya figo, hulipiwa shilingi 10,650. Hizo ndizo fedha anazolipwa mwenye hospitali. Je, naye ameridhika nazo? Tuseme mwanachama amelazwa siku 5 katika hospitali ya daraja la 4. Mfuko utatoa shilingi 16,800. Hospitali ya serikali ikikubali kiasi hicho, mwanachama arudi nyumbani. Hospitali ya mtu binafsi ikidai shilingi 4,000 kwa siku, hesabu ni shilingi 20,000, na zile 3,200 zilizobaki ni zake mwenyewe. Kwa hiyo swali la kuulizwa mlangoni, kabla mgonjwa hajavuliwa viatu, si "Mnapokea SHA?" Swali ni "Mkipokea SHA, sisi tutaongeza kiasi gani?"

Tena orodha ya hospitali si kitu kilichochongwa katika jiwe. Katika 2025 hospitali nyingi za watu binafsi zilitangaza kusimamisha huduma za bima hii, zikidai kwamba hazijalipwa madeni yao. Na mwaka huo huo serikali nayo ilisimamisha hospitali kadhaa kwa tuhuma za udanganyifu katika madai. Hatuingii katika ugomvi huo. Twasema tu kwamba hospitali iliyokuwa katika orodha mwezi jana yataka kuulizwa tena mwezi huu.

Ama juu ya kampuni za watu binafsi, Halmashauri ilipokea barua za kampuni mbili, nasi tulizisoma mstari kwa mstari. Kampuni ya kwanza ilileta orodha ndefu ya hospitali, iliyochapwa katika karatasi ya kung'aa, na picha ya daktari anayecheka. Tuliichukua orodha ile tukawapa madereva wa magari ya maziwa, ambao wazijua njia zetu kuliko mtu yeyote, tukawaomba watie alama kwenye kila hospitali ambayo mgonjwa aweza kufikishwa kwa saa moja wakati wa mvua. Walitia alama tatu. Moja katika hizo ni ya meno tu. Ya pili, tulipopiga simu, walisema mkataba wao na kampuni ile umekwisha. Ikabaki moja, nayo ni hospitali ya misheni ambayo wengi wetu twaijua na twaiheshimu, ila yapokea SHA pia. Mwanachama angelipa mara mbili ili aingie kwa mlango ule ule.

Kampuni ya pili ilikuwa na orodha fupi, lakini hospitali zake nne zilikuwa karibu, na zote zilikiri mkataba. Kasoro yake ilikuwa katika maandishi madogo. Mtu aliyepita miaka 65 hakubaliwi kujiunga. Ugonjwa uliokuwapo kabla ya kujiunga, kama sukari au shinikizo la damu, haulipiwi mwaka wa kwanza. Mama mjamzito hungoja miezi kumi, yaani atakuwa amekwisha kujifungua. Nasi tukawahesabu wazee walio katika vyama vyetu vya msingi, hao walioanzisha chama hiki kwa debe moja moja. Wengi wao wangebaki nje ya bima wanayoilipia wenzao.

Kwa sababu hizo, ofisi yaiunga mkono hoja ya kwanza na haiungi mkono hoja ya pili kwa wakati huu. Kampuni ya pili yaweza kurudi ikiwa itawapokea wazee. Hatusemi kwamba bima ya kampuni ni mbaya. Mwenye uwezo na ainunue, lakini aipime kwanza kwa njia ile ya madereva.

Hoja ya kwanza nayo ina hatari, na si haki kuificha. Chama kikitoa fedha ya mwaka mzima mwezi wa kwanza, na mwanachama akaacha kuleta maziwa mwezi wa nne, nani atalipa miezi iliyobaki? Ng'ombe hukauka, na wengine, tuseme wazi, huhamia kwa mnunuzi wa barabarani mwenye fedha mkononi. Tumependekeza kila chama cha msingi kiwadhamini wanachama wake, na anayeacha kwa hiari yake akatwe deni katika hisa zake. Mwenye ng'ombe aliyekauka angojewe mpaka azae. Wenyeviti wawili wamepinga jambo la hisa, na wana haki ya kusikilizwa mchana huu kabla ya kura.

Hoja ikipita, makarani wa vituo vyote watapokea majina kuanzia Jumatatu, saa za kupima maziwa. Kila mwanachama na aje na kitambulisho chake, cha mwenzi wake, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Wale ambao makadirio yao yamezidi uwezo wao waje na maelezo yao pia, maana ofisi itawasaidia kuandika malalamiko kwa SHA ili wakadiriwe tena. Wafanyakazi wa Chama Kikuu, ninyi mmekwisha kukatwa katika mshahara, msipange foleni.