KHUTBA YA IJUMAA: DENI LA NYUMBA NA MSIMU WA KOROSHO

Khutba ya kwanza

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuruzuku viumbe vyote, aoteshaye mti katika mchanga na kuutolesha maua kwa wakati wake. Tunashuhudia kuwa hapana Mola apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke yake, na tunashuhudia kuwa Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimshukie yeye, jamaa zake na masahaba zake wote.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Tunaziusia nafsi zetu, nanyi pia tunakuusieni, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Na katika mambo ya ucha Mungu ambayo watu wengi hawayahesabu kuwa ni ibada ni kulipa deni. Mtu hufunga Ramadhani yote, na husali sala zake kwa jamaa, kisha akipita dukani alikokopa hugeuza njia ili asionekane. Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo hili, kwani limeingia katika nyumba zetu nyingi.

Ndugu Waislamu! Kukopa si aibu. Bwana Mtume (s.a.w.) alifariki dunia hali deraya yake ya vita imewekwa rehani kwa Myahudi mmoja wa Madina, kwa ajili ya shayiri aliyoichukua kuwalisha watu wa nyumba yake. Lakini Mtume huyo huyo alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na mzigo wa deni ndani ya sala yake. Alipoulizwa sababu ya kujikinga nao mara nyingi hivyo, alieleza kwamba mtu akielemewa na deni, husema akasema uongo, na huahidi akavunja ahadi. Basi tazameni: deni huanza kwa kuila mali, na likiachwa huila tabia.

Katika uwanda wetu huu, tangu Newala hata Masasi, fedha ina majira yake. Korosho huanza kuokotwa wakati wa Septemba na Oktoba, na Januari mavuno huwa yamekwisha. Lakini shida za nyumba hazina majira. Unga hununuliwa kila juma, mtoto huugua wakati wowote, na sare za shule hutakiwa Januari. Mikorosho nayo hutaka salfa yake inapotoa maua, la sivyo ubwiriunga huyakausha. Hata maji, ambayo wazee wetu waliyafuata chini mabondeni kwa miguu, leo yakija kwa bomba yana bili yake. Basi kati ya fedha kwisha na fedha kuingia kuna miezi mirefu, na katika miezi hiyo ndimo yanamozaliwa madeni.

Hapo ndipo anapokuja mtu wa kangomba. Huja katika miezi ya njaa, na kauli yake ni laini. Tuchukue mfano. Baba wa nyumba hupewa shilingi 100,000 mwezi wa Machi, kwa ahadi ya kutoa kilo 100 za korosho mwezi wa Oktoba. Msimu ukifika, kilo moja ikiuzwa mnadani kwa shilingi 2,000, baba huyo amelipa shilingi 200,000 kwa laki moja. Na ikiuzwa kwa shilingi 4,000, kama ilivyopita bei hiyo katika minada ya Oktoba 2024, amelipa laki nne. Na mara nyingi mzigo wenyewe haupimwi kwa mizani, bali kwa chombo ambacho ukubwa wake anaujua mwenye kununua tu.

Huenda mtu akauliza: je, sheria yetu haikuruhusu kulipwa kabla ya mavuno? Imeruhusu, nayo ni biashara iitwayo salam. Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina aliwakuta watu wakilipana fedha za tende mwaka mmoja au miwili kabla. Hakuwakataza, ila aliwawekea mipaka: kipimo kijulikane, uzito ujulikane, na muda ujulikane. Wanazuoni wakaeleza kuwa bei yote hutolewa pale pale wanapoafikiana, na kwamba haifai kuuza matunda ya mti maalumu hali yangali maua. Sasa tuipime kangomba kwa mizani hiyo. Kipimo chake ni cha kificho. Kinachouzwa ni ua la mkorosho wa fulani, ambalo huenda likakauka. Na likikauka, mwenye fedha hasemi “tumeshirikiana katika msiba,” bali husema, “Mwakani utanipa mara mbili.” Kuongeza deni kwa sababu ya kuongeza muda ndiyo riba ya zama za ujahili, iliyoharimishwa na Qur'ani Tukufu. Zaidi ya hayo, Serikali imeikataza biashara hiyo. Tangu mwaka 2007 mkoa wetu wa Mtwara umekuwa na mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka mzigo katika chama cha msingi, hupimwa kwa mizani mbele yake, na mzigo huuzwa kwa mnada. Anayeuza korosho yake Machi ameutoka mlango huu kabla haujafunguliwa.

Liko na jambo jingine, nalo ni kuweka mikorosho rehani. Mtu hukopa, humkabidhi mwenzake shamba, na mwenye kukopesha huokota korosho msimu wa kwanza, wa pili na wa tatu, na deni liko pale pale halikupungua hata senti. Enyi ndugu zetu! Rehani ni amana ya kumtuliza mwenye kudai. Haikuwekwa iwe chakula chake. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, mazao ya kitu kilichowekwa rehani ni ya mwenye kitu. Na mkopo ukipewa kwa sharti la kumletea manufaa mwenye kukopesha, manufaa hayo ni riba. Basi mwenye shamba la mwenziwe mkononi na ayahesabu aliyoyaokota, ayatoe katika deni. Huenda akajikuta yeye ndiye mdaiwa.

(Hapa khatibu asome aya ya 282 ya Suratul Baqara, kisha aendelee.)

Ndugu Waislamu! Aya mliyoisikia ndiyo ndefu kupita zote katika Qur'ani, nayo haikuja kueleza Pepo wala Moto. Imekuja kuamrisha deni liandikwe, dogo na kubwa, pamoja na muda wake, na liwe na mashahidi. Na dawa ya madeni ya nyumba huanzia hapo hapo.

La kwanza, andikeni. Mume na mke wakae pamoja, kila mmoja aseme analodaiwa: dukani, katika kikundi, kwa jirani, na mikopo ya simu inayochukuliwa usiku bila ya mwenziwe kujua. Deni linalofichwa ndani ya nyumba hulipwa mara mbili, kwa fedha na kwa amani. Nanyi wanafunzi, aya hii imemtaja mwandishi, ikamkataza asikatae kuandika. Baba asiyejua kusoma anaye mwandishi nyumbani mwake. Chukueni daftari, mwandikieni wazazi wenu kwa uadilifu, wala msiitangaze siri yao.

La pili, yapangeni. Chakula cha watoto na dawa hutangulia, kwani matumizi ya nyumba ni wajibu. Kisha litazameni deni lenye riba, maana hilo hukua mkiwa mmelala. Lilipeni na msilirudie. Kisha mdai mwenye shida, kama mjane aliyekukopesha akiba yake. Kisha bili na madeni mengine kwa zamu zake.

La tatu, mwendee mdai wako kabla ya siku ya ahadi, usingoje akufuate. Mwambie unachoweza, umpe hata kidogo. Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa mwenye kuchukua mali ya watu kwa nia ya kulipa, Mwenyezi Mungu humsaidia kulipa, na mwenye kuichukua kwa nia ya kuipoteza, Mwenyezi Mungu humpoteza yeye.

La nne, fedha ya mnada wa kwanza igaweni siku ile ile iingiapo: fungu la deni, fungu la chakula cha miezi ya mvua, fungu la salfa ya mwakani. Na msiahidi kwa bei ambayo hamjaiona. Mwaka 2018 wanunuzi walitoa bei ndogo, wakulima wakakataa kuuza, na mwezi wa Novemba Serikali ikatangaza kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei ilikuwa nzuri, lakini malipo yalitanguliwa na uhakiki, na wengine walingoja miezi. Aliyekuwa amekula fedha ile kabla ya kuipata aliona taabu kubwa.

La tano, msikope kwa ajili ya fahari. Kumtoa mtoto jandoni au unyagoni kwa sherehe ya mkopo, kwa ngoma ya siku mbili na deni la miaka miwili, si heshima kwa mtoto huyo. Heshima yake ni chakula chake na shule yake.

Nasema maneno yangu haya, namwomba Mwenyezi Mungu atusamehe mimi na nyinyi. Mwombeni msamaha, kwani Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

(Khatibu akae kitako kidogo, kisha asimame.)

Khutba ya pili

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mcheni Mola wenu.

Tumesema na wanaodaiwa. Sasa tunasema na wanaodai. Qur'ani imeamrisha kuwa mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka apate wasaa, na ikaeleza kuwa kumsamehe ni bora zaidi. Lakini mwenye uwezo anayechelewesha kulipa, huyo Mtume (s.a.w.) amemwita dhalimu. Kila mmoja na ajijue yuko upande gani.

Na wenye kuzaka katika mavuno na biashara zao wakumbuke kuwa wadaiwa walioshindwa wametajwa katika mafungu manane ya wanaostahiki zaka. Watafuteni kwa siri, kwani wengi wao huona haya kuomba.

Tena kumbukeni mauti. Aliletwa maiti asaliwe, Mtume (s.a.w.) akauliza kama ana deni. Alipoambiwa kuwa analo, wala hakuacha kitu cha kulilipa, alijizuia kumsalia mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake. Na mirathi haigawanywi mpaka deni la marehemu litolewe. Basi daftari tulilolitaja ni wasia pia: watoto wako wajue unadaiwa nini na nani, wasije wakagawana mikorosho iliyo na haki ya mtu ndani yake.

Ewe Mola wetu, wasamehe Waislamu wanaume na wanawake, walio hai na waliokufa. Ewe Mola wetu, tutosheleze na halali yako tusiihitaji haramu yako. Wafungulie wadaiwa milango ya kulipa, walainishe nyoyo wanaodai. Ibariki mvua yetu, na maua ya mikorosho yetu, na mizani yetu. Wape wanafunzi wetu elimu yenye manufaa, na nyumba zetu amani. Amin.

Simamisheni sala.